Saa ya kungoja ni saa ya kazi: juu ya mushahara wa mashofere wa makamyo ya frigo



Kila tunapoita vijana kwenye mukutano, hata kama mukutano ni wa maji ao wa taka za muji, kuko mwenye kutuuliza pembeni swali moja: shofere wa kamyo ya frigo analipwa ngapi? Hatushangai. Wengi kati yetu tulimaliza chuo kikuu, diploma iko ndani ya plastiki, kazi hakuna. Mutu anasimama kwenye njia ya Kasumbalesa, anaona semi nyeupe inapita, motere ya baridi inaunguruma, na anajiambia: mule ndani kuko mutu anayekula kila siku. Kisha anaanza kukopa pesa ya permi.

Leo tunajibu. Jibu liko na sehemu mbili: analipwa ngapi, na analipwa namna gani. Tunasema tangu mwanzo kwamba ile ya pili ndiyo inaumiza watu. Shofere anaweza kuahidiwa namba nzuri kwa mudomo, lakini namna ya kumulipa ikaikata katikati mbele pesa haijafika nyumbani. Na wakati tunabishana juu ya namba, ile namna inapita bila mutu kuiangalia.

Njia ya samaki

Hapa Katanga karibu kila nyumba inakula Thomson. Bukari, sombe, na kipande cha Thomson: hiyo ndiyo chakula ya mufanyakazi, ya mwanafunzi, ya mama wa soko. Samaki yule hatoki Moero wala Tanganyika. Mwingi anavuliwa katika bahari ya Namibia, anagandishwa kule, anapakiwa Walvis Bay, anapita Katima Mulilo, anaingia Livingstone, anavuka Zambia, na kisha zaidi ya kilometa 2,000 anafika mupakani Kasumbalesa. Toka pale hadi Lubumbashi ni kilometa karibu 90. Toka Lubumbashi hadi Kolwezi ni zaidi ya 300. Sehemu hiyo ya mwisho, ya kupeleka muzigo kwenye madepo ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ndiyo mashofere wetu wengi wanaifanya.

Samaki aliyegandishwa anapaswa kubaki kwenye digri 18 chini ya zero. Kwa hiyo sanduku la kamyo ya frigo liko na motere yake, mbali na ile inayovuta magurudumu. Iko na mazutu yake. Kamyo ikitembea, ile motere inazunguka. Kamyo ikisimama siku tatu kwenye mulolongo, ile motere inazunguka vilevile. Na kuko mutu anayepaswa kuiangalia: mazutu iko ngapi, termometre inaonyesha nini, mulango umefungwa vizuri, kuko mwizi nyuma ao hakuna.

Mutu yule ni shofere. Anayebeba simenti anaweza kulala usingizi wake wote wakati anangoja, kwa sababu simenti haioze. Anayebeba samaki analala sikio likisikiliza motere. Ikinyamaza saa nane ya usiku, yeye ndiye anaamka.

Sasa muangalie jambo hili. Kamyo ikisimama siku tatu, mwenye kamyo analipa mazutu ya kugandisha samaki siku tatu, na anahesabu hata litre. Lakini siku tatu za mutu anayelinda ile baridi, mara nyingi hakuna anayezihesabu. Kwa mashofere wengi, kazi inaanza kuhesabiwa magurudumu yakizunguka na inaisha yakisimama. Hapo ndipo pesa yao inapotelea.

Namna za kulipa

Kuko namna tatu ambazo vijana wanapaswa kujua.

Ya kwanza ni mushahara wa mwezi. Shofere anaandikwa, mwisho wa mwezi anapokea, kamyo imetembea ao imesimama. Wengi wanaoipata ni wale wa kampuni kubwa. Hii ndiyo namna inayomulinda mutu, na ndiyo vijana wanaidharau kwa sababu namba yake inaonekana ndogo wakati wa kuajiriwa.

Ya pili ni kwa vwayaji. Unapeleka muzigo, unarudi, unapokea kiasi mulichopatana. Usipotembea, hupate kitu. Wenye kamyo moja ao mbili wanaipenda sana. Namba yake inaonekana nono, na ndiyo inavuta vijana.

Ya tatu ni kuchanganya: mushahara mudogo wa mwezi, kisha kitu juu kwa kila vwayaji. Ikiandikwa vizuri inaweza kuwa ya haki. Ikisemwa kwa mudomo tu, ile sehemu ndogo inachelewa miezi, na yule mutu anarudi kuwa wa vwayaji bila kujua.

Juu ya hizi zote kuko pesa ya njia: ya chakula, ya parkingi, ya bariyeri, ya kulala. Tutairudia, kwa sababu uongo mwingi umefichwa mule.

Na kuko jambo linalomuhusu mwenye frigo zaidi ya wengine. Katanga haitumi samaki nje. Inatuma shaba, na shaba haipande frigo. Kwa hiyo kamyo ya baridi inaingia na muzigo na mara nyingi inarudi tupu. Mwenye kamyo anasema: kurudi tupu hakuniingizii kitu, kwa hiyo ninakulipa kwenda tu. Lakini shofere hakurudi kwa miguu. Aliendesha njia ileile, pamoja na hatari zake.

Tufanye hesabu

Tuchukue mufano, si namba ya kampuni fulani. Tuseme shofere amepatana dola 60 kwa kila vwayaji toka Kasumbalesa hadi Kolwezi na kurudi. Kwa masikio ya mutu asiye na kazi, dola 60 kwa vwayaji ni pesa.

Mwezi mwema, mupaka unatembea, vwayaji moja inachukua siku tano. Kwa siku 30 anafanya sita. Anapata dola 360, yaani dola 12 kwa siku.

Mwezi mubaya, mulolongo ni murefu, karatasi za duwane zinachelewa, depo ya Kolwezi haina nafasi ya kushusha. Vwayaji ileile inachukua siku kumi. Anafanya tatu. Anapata dola 180, yaani dola 6 kwa siku.

Katika miezi yote mbili alikaa na kamyo siku 30. Hakulala nyumbani, hakufanya kazi ingine. Kwa kweli ule mwezi mubaya alichoka zaidi, kwa sababu usiku wa kulinda motere ulikuwa mwingi zaidi. Na alilipwa nusu.

Tuweke hesabu hiyo pembeni ya sheria. SMIG, yaani mushahara wa chini kabisa ambao Leta inaruhusu, ilikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018. Amri ya 2025 iliipandisha hadi 14,500, na hatua ya pili, 21,500, iliwekwa kuanzia Januari 2026. Ukipiga 21,500 mara siku 26 za kazi, unapata franka 559,000 kwa mwezi. Zile dola 180, hata dola ikiwa franka 3,000, zinatoa 540,000. Kwa hiyo yule shofere, mwenye permi ya makamyo makubwa na muzigo wa mamilioni mugongoni, katika mwezi mubaya anashuka chini ya mushahara wa manevra asiye na ufundi. Na hapo hatujatoa hata pesa aliyokula njiani.

Hii ndiyo maana tunasema: usiulize tu ngapi. Uliza siku za kungoja zinalipwa na nani. Kama jibu ni «hazilipwi», basi anayelipa ni wewe.

Mupaka wetu, tunaujua. Mulolongo wa makamyo umeshafika makumi ya kilometa upande wa Zambia. Katika Agosti 2024, kisha fujo ya upande wetu juu ya katazo la kuingiza bia na vinywaji kutoka Zambia, serikali ya Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Mawaziri walikutana, wakapatana, mupaka ukafunguliwa. Kwa watu wa vwayaji, siku zile hakuna aliyezirudisha.

Pesa ya njia si mushahara

Mwisho wa mwezi shofere anauliza pesa yake, patro anafungua kaye: tulikupa ya chakula, tulikupa ya parkingi, tulikupa ya bariyeri, sasa unadai nini tena?

Vijana, mushike hii. Code ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 7, inasema wazi kwamba gharama za safari, pamoja na vitu mufanyakazi anavyopewa ili tu aweze kutimiza kazi yake, haviko sehemu ya mushahara. Pesa uliyoacha kwenye bariyeri haikuwa yako hata dakika moja. Ilipita mukononi mwako ikienda kwa mwingine. Kuikata kwenye mushahara ni kumulipisha mufanyakazi gharama ya kazi ya patro.

Na kuna kifungu kingine kinachobeba kichwa cha tangazo letu. Kifungu cha 119 kinaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na kinaeleza namna ya kuzihesabu: toka saa mufanyakazi anapaswa kuwa tayari kwa ajili ya patro, hadi saa ule utayari unapoisha. Haikuandikwa «toka magurudumu yanapoanza kuzunguka». Ni kweli, sheria inaacha nafasi kwa kazi fulani kupangiwa saa kwa namna ingine. Lakini hatujaona pahali inaposema saa ile ihesabiwe zero. Mutu aliyefungwa na kamyo mupakani, asiyeweza kuiacha juu samaki wataoza, yuko tayari kwa ajili ya nani kama si kwa ajili ya patro?

Baridi ikikatika

Wengine watasema: hayo ni mambo ya mashofere, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu tumboni.

Thomson ni aina ya samaki ambaye, baridi ikikatika kwa muda, bakteria zinatengeneza ndani ya nyama yake kitu kinachoitwa histamine. Kinatia watu wekundu usoni, kichwa kuuma, kutapika, na moyo kupiga mbio. Ubaya wake ni kwamba kikishatengenezwa, kukigandisha tena hakukiondoe, na kupika hakukiondoe. Mama anaweza kukaanga samaki hadi akauke na sumu bado iko ndani. Kwa macho, samaki aliyeyeyuka njiani na kugandishwa tena anaweza kuonekana kama mwingine.

Sasa fikiri mutu aliye mwezi mubaya, siku ya saba kwenye mulolongo, pesa ya chakula imeisha, watoto wamefukuzwa masomo, na pembeni yake kuko tanki la mazutu. Kuko wanunuzi wa mazutu usiku, kila mutu wa Kasumbalesa anajua. Hatusemi mashofere wote wanauza; wengi wanakataa, na wanalala njaa juu ya kulinda muzigo wa mutu mwingine. Tunasema namna hii ya kulipa inamujaribu mutu kila usiku, kisha inashangaa siku moja akianguka. Aliyepanga malipo ndiye aliyeweka lile jaribu.

Na samaki akiharibika, nani analipa? Mara nyingi tunasikia patro akikata muzigo mubovu kwenye pesa ya shofere, hata kama motere ilikufa yenyewe kwa uzee. Code ya kazi inamutaka mufanyakazi arudishe vizuri vitu alivyopewa. Lakini inasema pia hana deni kwa kitu kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida wala kwa hasara iliyokuja kwa bahati mbaya. Motere ya zamani isiyopewa sevisi si kosa la aliyelala pembeni yake akiisikiliza.

Kwingine wanafanya namna gani

Katika mulolongo mumoja wa Kasumbalesa kuko makamyo ya inchi mbalimbali. Kamyo ya Afrika ya Kusini inaweza kusimama mbele ya kamyo yetu, na shofere wake yuko chini ya mapatano ya sekta nzima. Kule kuko baraza ambamo wenye makamyo na sendika wanakaa pamoja, linaitwa NBCRFLI, na linaandika mushahara wa chini wa shofere kufuatana na aina ya gari, posho ya kulala nje ya nyumba, na posho ya kuvuka mupaka. Kuko malalamiko kule pia, na kuko kampuni zinazoruka mapatano. Lakini karatasi iko, na mutu anajua anaibiwa kiasi gani. Kwetu, watu wawili wanangoja pahali pamoja usiku ileile, na wa kwetu mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha.

Ulaya, sheria yao namba 561 ya 2006 inakataza kumulipa shofere kwa kilometa ao kwa wingi wa muzigo kama malipo hayo yanaleta hatari njiani. Walielewa jambo rahisi: ukimulipa mutu kwa kukimbia, atakimbia, hata akisinzia.

Na Amerika, ambako ndugu zetu wengi waliofika wakaingia kazi ya makamyo, musidanganywe na picha ya mutu amesimama pembeni ya semi ya kung'aa. Kwa hesabu ya serikali yao, shofere wa kamyo kubwa aliye katikati kabisa ya wenzake alipata dola 57,440 kwa mwaka katika 2024. Ni pesa, na kule maisha ni bei kali. Lakini wengi wanalipwa kwa maili, na sheria kubwa ya kazi ya kule haiwalazimishe mapatro kuwalipa saa za ziada. Wa frigo anaweza kungoja saa nyingi kwenye depo juu ya kupakia ao kushusha bila kulipwa saa hizo zote. Kwa hiyo ugonjwa wa kungoja bure uko hata kule penye pesa. Tofauti ni kwamba kule watu wanaupigia kelele na wanauhesabu.

Wenye makamyo watasema nini

Hatutaki kuwa watu wa kusikia upande moja. Mwenye kamyo moja, aliyeinunua kwa deni, naye yuko na maneno. Anasema: mulolongo si mimi niliutengeneza. Anasema: kila huduma ya Leta mupakani inataka kitu chake. Anasema: nikilipa siku za kungoja, nitafunga.

Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo sababu hatumalizie kwa patro. Tangu tarehe 28 Machi 2002 kuko amri ya rais, namba 036/2002, inayotaja huduma za Leta zinazoruhusiwa kufanya kazi mupakani. Ni nne: duwane, OCC, DGM na huduma ya usafi. Nne! Muende Kasumbalesa muhesabu wenyewe. Kila huduma ya tano, ya sita, ya kumi, ni saa ingine ya kungoja, ni litre ingine ya mazutu, na mwishoni ni franka ingine kwenye bei ya Thomson pale soko la Katuba.

Lakini tumuambie mwenye kamyo vilevile: kama kungoja ni hasara, juu ya nini hasara yote imuangukie mutu aliye na kidogo kuliko wote? Wewe uko na kamyo, uko na mwenye muzigo unayeweza kumulipisha siku za kungoja. Weka siku hizo kwenye bei unayopatana na mwenye samaki. Mwenye samaki akiona kungoja kunamugharimu, ndiye atakwenda kupiga kelele kwa gavana na kwa duwane, na sauti yake itasikiwa mbele ya yetu. Leo hanyanyuke, kwa sababu kungoja ni bure. Ni bure kwake kwa sababu shofere anailipa.

Tunadai nini

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki, na mufanyakazi ana haki ya malipo ya haki yanayomuwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima. Tunadai mambo yale sheria tayari imeandika, na machache ya kuyafanya yatembee.

Kwa wenye makamyo ya frigo:

1. Kila shofere awe na kontra iliyoandikwa, na karatasi ya mushahara kila mwezi. Kontra iseme analipwa namna gani kwa siku ya kutembea, kwa siku ya kungoja, na kwa kurudi tupu.

2. Hata anayelipwa kwa vwayaji awe na kiasi cha mwezi ambacho hakishuke chini ya kile sheria inaweka kwa ngazi yake, hata mupaka ukifungwa.

3. Pesa ya njia iandikwe kwenye kaye yake peke, na isiguse mushahara.

4. Hasara ya muzigo isikatwe bila uchunguzi. Termometre za frigo nyingi zinaandika baridi saa kwa saa. Zisomwe mbele ya shofere na mutu wake.

5. Kila mutu aandikwe CNSS. Sheria inaweka 18 kwa mia ya mushahara: 13 ni za patro, 5 ni za mufanyakazi. Kamyo ikipinduka, hapo ndipo jamaa inajua kama jina la baba liliandikwa ao hapana.

Kwa Leta:

6. Huduma nne mupakani, kama amri ya 2002 inavyosema, na mulango wa haraka kwa chakula kilichogandishwa.

7. Enspekta wa kazi watoke maofisini, wafike parkingi za Kasumbalesa na madepo ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, usiku pia.

8. Ofisi ya kazi iite wenye makamyo na sendika za mashofere mezani, waandike mapatano ya sekta yenye bei ya siku ya kungoja.

Kwa kijana anayetaka kupanda kabine

Hatukukatazi. Kazi ya frigo ni kazi ya heshima, na inchi haile bila yenyewe. Lakini mbele ya kukopa pesa ya permi, uliza mambo haya, na uombe majibu kwa karatasi:

Ninalipwa kwa mwezi ao kwa vwayaji? Kamyo ikisimama mupakani siku tano, ninapata nini? Nikirudi tupu, ninapata nini? Motere ya baridi ilipata sevisi lini, na ikifa njiani ninaita nani? Pesa ya njia ni ngapi, na ikiisha mbele ya kufika nafanya nini? Namba yangu ya CNSS itatoka lini?

Patro atakayekasirika juu ya maswali haya amekwisha kukupa jibu.

Kwa mashofere walio tayari njiani: mununue kaye ndogo. Kila siku muandike tarehe, saa mulifika, saa mulitoka, termometre ilionyesha ngapi, pesa mulipewa na pesa mulitoa. Mupige foto ya termometre kwa telefone. Hata bila kontra ya karatasi, sheria inamuruhusu mufanyakazi kuonyesha kwa njia zote kwamba kazi ilikuwako. Ile kaye ni njia moja. Ukiwa na mashitaka, unaanza kwa enspekta wa kazi, anayejaribu kuwapatanisha. Kukishindikana, kuko mahakama ya kazi, iliyoundwa na sheria namba 016/2002. Usingoje miaka, kwa sababu sheria inaweka kikomo cha muda. Na usiende peke yako. Haki ya sendika na haki ya mugomo ziko katika Katiba, vifungu 38 na 39.

Na kwetu sisi wenye diploma na wasio na kazi: kuko kazi ya kufanya hata kama haina mushahara. Aliyesoma sheria ao uchumi akae na mashofere watano, awasomee kifungu cha 7 na cha 119 katika Kiswahili chetu, awasaidie kupanga zile kaye. Mutu mumoja akisema alingoja siku kumi, wanamucheka. Kaye mia moja za mwezi mumoja, zikiwekwa mezani kwa enspekta, zinaonyesha siku ngapi za kazi muji huu ulikula bila kulipa.

Tunaanza mwezi huu. Mwenye shofere katika jamaa yake amuambie. Mwenye kaye amupelekee.

Kungoja ni kazi. Kazi inalipwa.